Veronika wa Kituo cha Sita

Mwanangu Vero,

Sikuulizi hali, maana asubuhi hii tu nimekuona umesimama jikoni unakula mkate bila sahani, makombo yanadondokea soksi, mama yako anakugombeza. Mzima wewe. Mimi pia mzima, ila presha kidogo, na hiyo unaijua.

Mmekwenda Great Barr kumuaga shangazi yako. Nilisema mgongo unaniuma nikabaki. Mgongo hauniumi. Nilitaka nyumba tupu nikuandikie kabla hamjarudi, kwa sababu kesho stesheni, ukiondoka kwenda chuo, hapatakuwa na nafasi, na hata ingekuwepo ningeanza kuongea habari za mvua. Najijua.

Mambo ya sufuria, koti zito, dawa ya kifua na kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako amekuandikia kurasa mbili na kuzibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Mimi siongezi. Naandika kwa Kiswahili ingawa najua utasoma polepole, kidole kwenye mstari. Kiingereza changu ni cha kazini: ndiyo bosi, tayari bosi, kesho saa ngapi. Kwa lugha hiyo nitakudanganya tu. Neno likikushinda usimpigie mama yako akufasirie. Nipigie mimi.

Unakumbuka siku uliyotusomea barua yako ya kuombea nafasi chuoni? Ulisimama penye friji. Ulikuwa unasoma kwa Kiingereza, halafu kila baada ya sentensi mbili unatueleza kwa Kiswahili chako cha kuokoteza ili mama yako asipitwe. Uliandika habari za kanisa letu. Waayalandi waliolijenga, vibarua wa reli, watu waliokuja mji huu na mikono yao tu. Mwitaliano aliyelipaka ndani, ambaye jina lake, ulisema, halijulikani tena. Ukaitaja dari ya buluu yenye nyota za dhahabu, nguzo zilizochorwa zikaonekana marumaru wakati ni matofali, na yale majani ya kijani, matatu matatu, yanayozunguka kila dirisha. Uliandika kwamba watu wale walikuwa wanalala kwenye vyumba vya masizi na giza, wakazipeleka rangi zote walizozikosa mahali pamoja. Hapo nilikupenda sana.

Halafu ukasoma: "Ukuta wa kushoto ulifunikwa kwa rangi nyeupe ya plastiki na fundi asiyejua. Hakujua kuwa ukuta wa zamani unapumua."

Mama yako alipiga makofi. Mimi nikasema, "Safi sana mwanangu, barua imenyooka." Kisha nikaenda chooni, nikafungulia maji, nikakaa ukingoni mwa bafu mpaka mlipoanza kuniita.

Vero, fundi yule ni mimi. Na alijua.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Nikianza kujitetea katikati utaona mwenyewe, huhitaji kuambiwa.

Babu yako kule Mbinga alikuwa fundi wa chokaa wa misheni. Chokaa aliiloweka kwenye shimo mwezi mzima, akaichanganya na chumvi, akapaka kwa brashi ya mkonge aliyoifunga mwenyewe. Ndani ya kanisa la misheni kulikuwa na maua yaliyochorwa kuzunguka altare, kazi ya mabruda wa zamani, na kila mwaka babu yako alipokuwa anapaka, alipofika kwenye maua aliweka brashi kubwa chini akachukua ndogo, akazunguka kila jani. Siku tatu nzima kwa maua tu. Mimi nilikuwa nashika ndoo na kununa. Siku moja alilowesha kiganja changu akakibandika ukutani. "Unasikia?" akaniuliza. "Unavuta maji, halafu utayatoa. Ukuta wa chokaa unataka kupumua. Ukiuziba, unaozea ndani." Nilikuwa na miaka tisa. Kwa hiyo hilo la kutojua, mwanangu, lifute kwenye barua yako.

Alinifundisha na desturi moja. Fundi akimaliza kutayarisha ukuta, kabla ya kupaka mkono wa kwanza wa rangi, anaandika jina lake kwa penseli, mahali padogo. Halafu anajifunika mwenyewe. Juu ya rangi haandiki, hayo babu yako aliyaita majivuno ya watu wa mabango. Anaandika chini, ili fundi atakayekuja kubandua miaka hamsini baadaye ajue nani alimtangulia. Nimefanya hivyo kila mahali nilipopaka. Hata ndani ya nyumba hii, ukutani kwako, chini ya ile rangi ya njano uliyoing'ang'ania, nipo.

Sasa sikia. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja Tyseley, karibu na bohari ya treni. Mama yako alikuwa na mimba yako, mwezi wa nane, daktari amemwambia alale asiinuke. Mimi nilikuwa na miezi mitano katika nchi hii. Nilipata kazi kwa mkandarasi mmoja, kila wiki anatuhamisha: leo maghala, kesho shule, keshokutwa sijui nini. Mama yako alijua napaka rangi. Wapi, hakuuliza, alikuwa na yake ya kuhangaikia.

Wiki moja tukapelekwa kanisani. Niliingia na ndoo mbili nikasimama mlangoni. Vero, kuta zote mbili zilikuwa zimejaa picha za Njia ya Msalaba. Wewe unaujua ukuta wa kulia tu, kuanzia kituo cha nane mpaka Yesu anazikwa kaburini. Ule wa kushoto nao ulikuwa hivyo hivyo, na mimi naona ulikuwa mzuri zaidi, labda kwa sababu ndio nilioufuta. Ulikuwa na unyevu, siwezi kukataa. Masizi ya mishumaa, madoa, sehemu zimebabuka. Waayalandi wenyewe walikuwa wamezeeka au wamehamia pembezoni mwa mji. Waliobaki kwenye kamati walisema kanisa lina giza, linatisha wageni, lipakwe jeupe ili watu wapya wajisikie nyumbani. Watu wapya ndio sisi.

Nililowesha kiganja changu nikakiweka ukutani. Ukanyonya maji pale pale. Nikajua. Na mapipa ya rangi ya plastiki yalikuwa yamepangwa nyuma yangu, rangi nzuri, ya kung'aa, haiingizi maji wala haitoi.

Nilikuwa na maneno. Usifikiri sikuwa na maneno. Usiku wa jana yake, tulipoambiwa kesho ni kanisa la zamani, nilikuwa nimefungua kamusi kutafuta neno la chokaa. Lakini wiki iliyotangulia, Mjamaika mmoja alibishana na msimamizi juu ya kuta za shule, na Jumatatu hakuonekana. Nikamuwaza mama yako kitandani. Nikawaza pia, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nataka nionekane mtu asiye na usumbufu. Mtu akija ugenini anajipunguza, anajipunguza, mpaka anasahau alianza na ukubwa gani. Nikajikausha. Nikachukua rola.

Vituo vitano vya kwanza nilivifunika kwa siku mbili. Siku ya tatu nikafika cha sita, Veronika anampangusa Yesu uso. Alikuwa mrefu kama mimi, nguo nyekundu kama udongo wa kwetu, ameshika kitambaa mbele yake kwa mikono miwili. Mwitaliano alikuwa amemchora Veronika anatutazama sisi, hamtazami Yesu. Na miguuni pake, pindoni mwa nguo, kwa herufi ndogo za brashi, fundi alikuwa ameandika jina lake. Pietro. Na jina la kijiji nisiloweza kulisoma.

Hapo nilimwita msimamizi. Hilo nililifanya. Nikamwambia, "Bosi, hapa kuna jina la mtu." Akainama akaangalia, hakuwa mtu mbaya, akasema, "Basi hatakusumbua, ameshakufa zamani. Funika." Akaenda kunywa chai.

Nilichukua penseli sikioni nikaandika chini ya jina lile. Nitakuambia nilichoandika, ngoja. Kisha nikapaka mkono wa kwanza, na wa pili, na uso wake nikauacha mwisho, kama ingesaidia.

Kesho yake nilimaliza kituo cha saba. Msimamizi akapata kazi kubwa kwingine, jukwaa la mabomba likang'olewa, ukuta wa kulia na dari vikasalimika hivyo hivyo, bila mtu yeyote kuvitetea. Jumapili ukazaliwa. Mama yako alitaka uitwe Upendo. Mimi, ambaye sijawahi kubishana naye hata juu ya pazia, nikang'ang'ania Veronika. Alishangaa. Akafikiri ni jina la mtu wa kwetu, nikamwacha afikiri hivyo. Nilikuwa nimemfuta mmoja, nikaona angalau nimrudishe mwingine. Ni ujinga, lakini mtu wa miaka thelathini mwenye mtoto wa siku moja mkononi anawaza ujinga mwingi.

Na hapo mambo yakaanza kunifuata. Babu yako alipiga simu ya pongezi kutoka kwa jirani yake mwenye simu. Akauliza, "Huko Ulaya mnapaka kwa kitu gani?" Nikasema, "Kwa chokaa, baba, kama wewe." Akacheka kwa furaha, nikamsikia anawatangazia watu waliokuwa pale. Alikufa anaamini hivyo.

Tulipopewa hii nyumba Bordesley Green, mama yako alitafuta kanisa la karibu lenye misa ya Kiswahili. Akalipata. Akanishika mkono akaniingiza mlango ule ule. Ningesema nini? Ulibatizwa mbele ya ukuta wangu mweupe. Jumapili baada ya Jumapili, miaka kumi na miwili, nimekaa benchi la kulia ili niupe mgongo kidogo, na wewe ulilala mapajani mwangu unahesabu nyota za darini kwa Kiingereza.

Ulikuwa na miaka sita uliponiuliza. "Baba, kwa nini upande huu kuna picha na upande ule hakuna?" Nikakujibu, "Labda fundi hakumaliza." Ukasema, "Maskini, labda aliumwa." Uliendelea kumwombea kila jioni, wiki nzima. Mama yako aliona ni jambo la kuchekesha. Mimi nilikuwa natoka chumbani.

Mnyonge ndivyo alivyo, mwanangu: hasemi uongo mkubwa hata mara moja. Anasema mdogo, halafu anautunza.

Siku ukuta ulipoanguka unaijua kuliko mimi, maana wewe ulikimbilia kule na mimi nikabaki mlangoni kwetu na ufunguo mkononi. Jumanne, kanisa tupu, hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Vituo vitano vilishuka na lipu yote. Cha sita na cha saba vilibaki kwa sababu sehemu ile ya ukuta inapakana na sakristia, haipigwi na mvua. Ulirudi na kipande kikubwa kama kiganja ndani ya boksi la viatu. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ukanionyesha matabaka pembeni yake: kijivu, nyekundu, nyeupe. Ukasema, "Baba, tazama, hii nyeupe ndiyo iliyoua." Ukakiweka dirishani kwako, na mimi nikawa nakiona kila nikija kukuamsha uende shule.

Ungeweza kuwa nesi. Ungeweza kuwa mhasibu, kama shangazi yako alivyotaka. Badala yake umechagua kwenda kujifunza ukarabati wa picha za ukutani, kuwatoa watu niliowafunika. Sijui nicheke au nilie. Nimejaribu vyote viwili.

Wiki tatu zilizopita ulituambia, macho yanakung'aa, kwamba mwezi wa tano chuo kitawaleta hapa. Kabla jengo halijauzwa na kugeuzwa nyumba za kupanga, mmeruhusiwa kufungua dirisha dogo kwenye rangi nyeupe, yaani kuibandua kipande kidogo, kwenye kituo cha sita, muone kama kuna kitu kilichobaki chini. Mtaanzia chini, penye pindo la nguo, kwa sababu huko kumekauka zaidi. Mama yako alikuambia uvae glavu. Mimi niliangusha kijiko.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kule. Sikukuambia. Nilikuwa na kisu cha kukwangulia rangi mfukoni. Uzio umewekwa pande zote, na mlinzi ni Kalasinga mmoja mzee, kilemba cha buluu, amekaa kwenye kiti cha plastiki na termosi ya chai. Nikamsalimu kwa Kiingereza. Akanitazama usoni, akanijibu, "Wewe ni mtu ya wapi, Tanzania? Mimi ni ya Kisumu, bana."

Nikamwambia naomba kuingia dakika tano tu.

"Siwezi. Hii kanisa inaanguka."

"Niliwahi kufanya kazi humu."

"Hata kama wewe ndiye ulijenga, siwezi. Unataka kuomba Mungu? Omba hapa. Yeye anasikia hata kwa fensi."

Akanimiminia chai kwenye kifuniko. Nikasimama nikainywa. Na huku nakunywa ndipo nikaona ninachotaka kufanya. Nilichoandika kiko chini ya rangi yangu na juu ya rangi ya Pietro. Ili kukifuta ningelazimika kumkwangua Veronika tena. Kumharibu mara mbili, kwa ajili ya aibu ile ile. Yule mzee angenifungulia, Vero, sijui. Nakuapia sijui ningefanya nini. Nilimrudishia kifuniko chake, nikarudi nyumbani kwa miguu na kile kisu kinanichoma paja njia nzima.

Tangu hapo nimekuwa nazunguka nyumba hii. Nimekaza bawaba ya mlango wako ambayo haikulegea. Nimekununulia adapta mbili. Sina la kukushauri. Baba wengine siku kama ya leo wanampa mtoto maneno ya kushika maisha yake yote, na mimi ninalo hili tu, kwamba ukuta ulinyonya maji kiganjani mwangu, nikajua, na nikanyamaza. Kama kuna siku utasimama mbele ya bosi na unajua kitu, nami sipo, sijui utafanya nini, na sina haki ya kukuambia. Natamani tu uwe mtu wa usumbufu. Wa kero kabisa. Waitane pembeni wakuseme.

Sasa nikuambie kilichoandikwa, ukisome hapa kwanza, usije ukakisoma kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Chini ya jina la Pietro niliandika: "Samahani fundi. Najua ukuta unapumua. Kosmas wa Mbinga."

Ndiyo hayo tu. Penseli haifi chini ya rangi, hilo utafundishwa. Siku ile mtakapolifungua dirisha lenu, litatokea pindo jekundu, litatokea jina la Mwitaliano ambalo mnalitafuta, na walimu wako watafurahi. Kisha chini yake itatokea mistari ya penseli. Watainama na taa zao. Wataulizana ni lugha gani hiyo. Na katika wote watakaokuwa wamesimama pale, mwanangu, wewe peke yako ndiye utakayeweza kuisoma.

Siwezi kuwahi kabla yako. Siwezi kusimama nyuma yako. Wala siwezi kukuomba uwaambie hujui maana yake, ingawa jana jioni nilikuwa nimeamua kukuomba hilo hilo, na ndiyo maana karatasi ya kwanza nimeichana. Ukiwasomea, wasomee yote. Usikiruke kipande cha katikati. Na ukishindwa siku hiyo, nikakuona umerudi hapa kula bila kuniangalia usoni, nitajua na nitakuwekea chakula.

Nasikia gari la shangazi yako linageuza nje. Mama yako anacheka jambo. Naikunja barua hii naitia kwenye boksi la viatu ulilolifunga kwa utepe wa gundi mara tatu, chini ya kile kipande, nami nitalibandika tena vizuri usijue. Ukiniona kesho stesheni naongea sana habari za mvua, nisamehe hilo kwanza, ni jepesi.

Mimi baba yako,
yule fundi.